Niseko, Steamboat au Red Mountain: chagua mti kabla ya kuchagua theluji

Mtu anayepanga safari ya kuskii kwenye theluji mpya huanza kwa kuuliza inaanguka nyingi wapi. Kwa miteremko ya wazi swali hilo linatosha. Msituni halitoshi. Anayetaka kushuka katikati ya miti aulize kwanza ni miti gani, kwa sababu mti ndio unaoamua nafasi iliyopo kati ya shina na shina, jua litakalofika chini, siku ambazo theluji itabaki laini baada ya dhoruba, na hatari itakayomkuta akianguka.

Tumechukua milima mitatu yenye sifa ya theluji ya unga, yaani mpya, kavu na laini, na ya misitu inayopitika: Niseko katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, Steamboat katika jimbo la Colorado, Marekani, na Red Mountain, Rossland, katika jimbo la British Columbia, Kanada. Ulinganisho huu ni wa mtu anayeskii kwa kujifurahisha. Anashuka njia za kati zilizosawazishwa bila wasiwasi, anaunganisha kona za kulia na kushoto, na anaweza kusimama pale alipokusudia. Asiyeweza hilo la mwisho asiingie msituni popote kati ya hapa patatu, hata miti iwe imeachana namna gani.

| | Niseko | Steamboat | Red Mountain |
|---|---|---|---|
| Kilele | Annupuri, m 1,308 | Mt. Werner, m 3,221 | Granite, m 2,075 |
| Mteremko, juu hadi chini | karibu m 940 upande wa Hirafu | karibu m 1,118 | karibu m 890 |
| Theluji kwa msimu, kwa kawaida | karibu m 15 | karibu m 8 | karibu m 7.5 |
| Mti mkuu | dakekanba, hupukutisha majani | aspeni, hupukutisha majani | misonobari na jamii zake, haipukutishi |
| Wakati bora wa msitu | Januari hadi katikati ya Februari | katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari | Januari hadi mwanzo wa Machi |

Ukiangalia mstari wa theluji peke yake, Niseko imeshinda na hakuna haja ya kuendelea kusoma. Mstari wa miti ndio unaobadilisha hesabu.

Miti yenyewe

Dakekanba wa Niseko ni mti wa gome jeupe linalobanduka, wenye matawi yaliyopindapinda kwa kulemewa na theluji mwaka baada ya mwaka. Majira ya baridi hauna jani hata moja. Miti hii imeachana vya kutosha, na sehemu nyingi watu wawili wanaweza kushuka sambamba bila kubanana. Kwa anayeanza kuingia msituni hiyo ni neema kubwa, maana kona ikichelewa kidogo bado nafasi ipo. Tatizo liko chini yake. Ardhi ya misitu ya Hokkaido imefunikwa na sasa, mwanzi mfupi wa jani pana ambao mahali pengine hufika kimo cha mtu. Mwezi Desemba theluji huwa haijaulaza wote. Unaona uso mweupe uliotulia, kumbe chini kuna mianzi iliyopinda kama springi yenye uwazi katikati, na ncha ya skii ikiingia humo haitoki. Kufikia katikati ya Januari mwanzi wote huwa umezikwa. Kinachobaki ni vijito: mabonde madogo ya Annupuri yana maji yanayotiririka chini ya theluji, na kingo zake hubomoka. Ukiona mkunjo wa ardhi unaoshuka kama mfereji, pita juu ya bega lake, usiingie ndani.

Aspeni wa Steamboat huchipuka kutoka kwenye mizizi ya pamoja, kwa hiyo mashina huja kwa makundi yenye umri mmoja, membamba na yaliyonyooka, na matawi ya chini hujiangukia yenyewe. Hakuna tawi la kukupiga usoni, na unaona mbali mbele yako. Uzuri huu una mtego wake: kundi la miti mikubwa iliyoachana linaweza kukoma ghafla na kufuatwa na kichaka cha miche michanga iliyosongamana. Kwa hiyo jicho litangulie kona tatu mbele, si moja. Mtego wa pili ni magogo. Aspeni huanguka kwa wingi, na gogo lililolala kimo cha goti halionekani likishafunikwa na sentimita 30 za unga. Kabla theluji iliyoshindiliwa chini haijafika kiunoni, msitu wa Steamboat ni wa kutazama kwa macho tu. Shadows na Closets, zinazofikiwa kwa lifti ya Sundown, ndizo njia za msituni zinazotajwa zaidi, nazo zina alama nyeusi, ya njia ngumu. Anza na vipande vya miti vilivyo kati ya njia mbili za bluu, yaani za kati, ambako ukichoka unatoka pembeni mara moja. Kumbuka pia kwamba ukipanda juu zaidi aspeni hupungua na misonobari huongezeka.

Red Mountain ni msitu wa kijani mwaka mzima. Miti ina matawi mazito yanayoanza karibu na ardhi, na sehemu nyingi imepunguzwa kwa makusudi ili watu wapite. Granite, kilele chake, ina umbo la koni, nawe unaweza kushuka karibu kila upande kutoka kileleni. Hilo linakupa uhuru wa kuchagua upande ambao upepo umepeleka theluji au ambao jua halijaugusa, uhuru ambao milima mingi haina. Vilevile linapoteza watu, kwa kuwa ukiendelea kuzunguka kufuata theluji isiyokanyagwa utajikuta chini ya lifti usiyoitarajia. Kabla ya kila mshuko taja kwa sauti mtaishia kwenye lifti gani. Upande wa Paradise ndio wa upole zaidi na ndio pa kuanzia.

Shimo la shina

Hapa ndipo aina ya mti inapokuwa suala la uhai, na ndiyo sababu hatukubali Red Mountain ipewe alama sawa na nyingine kwa mgeni wa msituni.

Matawi mapana ya msonobari huzuia theluji isifike kwenye shina. Dhoruba baada ya dhoruba, theluji ya pembeni inapanda huku karibu na shina ikibaki tupu au na theluji legevu isiyo na nguvu. Tokeo ni shimo lililofichwa na matawi, wakati mwingine refu kuliko mtu. Anayeliangukia huingia mara nyingi kichwa kikitangulia, na theluji ya matawini humwagika juu yake. Katika majaribio yaliyofanyika Amerika Kaskazini, watu waliojitolea kuwekwa ndani ya mashimo hayo, 9 kati ya 10 hawakuweza kujitoa wenyewe. Kinachoua ni kukosa hewa, na ni jambo la dakika chache. Dakekanba na aspeni hawatengenezi shimo la namna hii kwa urahisi kwa kuwa hawana matawi ya chini yenye majani, lakini theluji ya mita moja na zaidi inaweza kumziba pumzi aliyeanguka kichwa chini hata pasipo na mti.

Kinga inaanza kwenye lifti. Toa mikono kwenye kanda za fimbo, maana fimbo iliyofungwa kwenye kifundo hukuzuia kutumia mkono. Weka filimbi kwenye zipu ya koti karibu na kidevu, si kwenye begi. Namba ya doria ya mlima, yaani walinzi na waokoaji wa hapo, iwe kwenye simu tayari. Kisha shukeni kwa zamu: wa kwanza anapiga kona sita au nane na kusimama anapoonekana, wa pili anakuja na kusimama juu yake kidogo. Msiachane zaidi ya hapo. Watu hudhani kwamba kukutana chini kwenye lifti ni kushuka pamoja. Sivyo. Aliye mita 50 chini yako hawezi kupanda kwenye theluji ya kiunoni kuja kukuokoa kwa wakati, hata akijua ulipo.

Ukianza kuteleza kuelekea kwenye shina, kumbatia mti au shika tawi, na pigania kichwa kibaki juu. Ukishaingia kichwa chini, acha kurusha miguu, kwa sababu kila mtikisiko unaangusha theluji zaidi. Mkono mmoja ushike tawi au shina, mwingine utengeneze nafasi mbele ya mdomo na pua. Pumua taratibu.

Mwenzio akitoweka, usiondoke kwenda kutafuta msaada. Piga filimbi, piga kelele, piga simu ya doria ukiwa hapo hapo ukichimba. Vua skii. Usimvute kinyumenyume kupitia tundu aliloingilia, wala usichimbe kutoka juu yake, kwa kuwa theluji unayoisukuma itamwangukia usoni. Chimba kutoka upande wa chini wa mteremko, kwa mshazari, ukielekea kilipo kichwa. Mdomo na pua vikishakuwa wazi, mengine yanaweza kungoja.

Theluji inabaki laini kwa muda gani

Mti usio na majani unapitisha jua. Steamboat inatazama zaidi magharibi, kwa hiyo siku angavu jua la mchana hupenya katikati ya aspeni na kuyeyusha uso wa theluji, usiku unaganda, na asubuhi ya pili kuna gamba jembamba juu ya unga. Mwezi Januari jua ni dhaifu na unaweza kupata siku mbili nzuri baada ya dhoruba. Mwezi Machi unapata asubuhi moja. Theluji yenyewe lakini ni kavu sana, maana mawingu ya Pasifiki huwa yamekwisha kumwaga sehemu kubwa ya unyevu kwenye milima iliyotangulia. Jina la kibiashara la theluji ya Steamboat, "Champagne Powder", lilianza na mfugaji wa huko, Joe McElroy, katika miaka ya 1950.

Niseko nayo ina miti isiyo na majani, ila jua halionekani. Upepo baridi wa Siberia unavuka Bahari ya Japani, unabeba unyevu, unagonga milima ya kwanza ya Hokkaido na kuuacha hapo. Mwezi Januari theluji huanguka karibu kila siku, wakati mwingine kidogo kidogo mchana kutwa, hivyo alama za waliopita asubuhi zinajazwa. Ubaya wake ni upepo, ambao hufunga lifti za juu mara kwa mara.

Red Mountain haina theluji ya kila siku. Inakuja kwa dhoruba, kisha kimya. Lakini kivuli cha misonobari kinaihifadhi, na watu ni wachache. Upande wa kaskazini wa Granite unaweza kukupa kona laini siku ya tatu na ya nne baada ya dhoruba, jambo ambalo Steamboat na Niseko haziwezi kulitoa bila theluji mpya kuanguka. Kwa mtu ambaye tarehe zake za likizo zimefungwa na hawezi kufukuzia utabiri wa hewa, hiyo ni hoja nzito.

Kuona pia kuna uzito wake. Siku ya ukungu na theluji nzito, misonobari myeusi hukupa picha kamili ya mteremko. Mashina meupe ya dakekanba na aspeni hukupa nusu yake.

Siku inavyokwenda

Niseko inaongozwa na mageti. Eneo lililo juu na nje ya lifti linaingiwa kwa mageti 11 tu, na doria huyafungua au kuyafunga kulingana na upepo na hatari ya maporomoko ya theluji. Hakuna saa iliyoahidiwa. Kosa la kawaida ni kusimama kwenye foleni ya geti asubuhi nzima huku miti ya katikati ikikanyagwa na wengine. Anza upande wa Hanazono, kwenye Strawberry Fields na misitu ya jirani, kisha utazame hali ya mageti kila unaposhuka. Kupita chini ya kamba ni marufuku, tiketi hunyang'anywa, na bonde la Haru no Taki limefungwa kwa kila mtu siku zote kwa sababu ya maporomoko. Anayetoka nje ya geti abebe kifaa cha kutoa mawimbi, kijiti cha kuchoma theluji na koleo, vya kumtafuta aliyefukiwa, na ajue kuvitumia. Upepo ukifunga lifti zote za juu, nenda Rusutsu, chini ya saa moja kwa gari, ambako miti imejikinga vizuri zaidi. Hirafu ina taa kubwa na lifti za usiku, kwa hiyo theluji iliyoanguka jioni haikungojei mpaka asubuhi.

Steamboat ni mbio za asubuhi. Msitu wote mzuri uko ndani ya mipaka na umekaguliwa na doria, kwa hiyo kila mwenye tiketi anaufikia. Nenda Sundown na Storm Peak lifti zinapofunguka, na ifikapo saa tano hamia mbali na gondola (lifti ya vibanda), kwa mfano upande wa Pony Express na Mahogany Ridge, eneo lililofunguliwa msimu wa 2023/24 ambalo liliongeza takriban ekari 650. Huko mteremko ni mkali zaidi, basi ujipime. Kuingia sehemu iliyofungwa Colorado ni kosa la kisheria na faini inaweza kufika dola 1,000.

Red Mountain haihitaji haraka. Amka, kula, angalia upepo wa usiku ulitoka wapi, chagua upande wa Granite uliokingwa nao, ambako theluji imerundikana. Grey Mountain, iliyopata lifti msimu wa 2013/14, ni nzuri mchana watu wanapojaa Granite. Mji wa Rossland umeishi na mchezo huu tangu Mnorwe Olaus Jeldness alipoandaa mashindano huko katika miaka ya 1890, na ndiko alikokulia Nancy Greene, aliyetwaa dhahabu katika Olimpiki ya Grenoble 1968. Wenyeji wanaujua msitu wao vizuri. Ukiwauliza kwa adabu ni upande gani umepata theluji, mara nyingi watakuambia ukweli.

Safari na hewa

Kijiji cha Steamboat kiko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Anayetoka mji wa pwani alale usiku mmoja kabla ya kupanda kileleni, anywe maji mengi, na asichukulie kichwa kinachouma kuwa uchovu wa safari tu. Niseko haina shida hiyo, kwani msingi wake upande wa Hirafu hauzidi mita 300.

Kutoka uwanja wa New Chitose hadi Niseko ni basi la saa mbili na nusu au tatu. Steamboat ina uwanja wa Hayden, kilomita 40 hivi, au Denver, saa tatu za barabara hali ikiwa njema, kupitia Rabbit Ears Pass yenye urefu wa mita 2,873. Red Mountain iko karibu na uwanja wa Castlegar, lakini mawingu ya bondeni yanafuta safari nyingi majira ya baridi. Wengi hushukia Spokane upande wa Marekani na kuendesha kama saa mbili na nusu. Kituo cha mpaka hakikeshi, kwa hiyo hakikisha saa zake, na gari liwe na matairi ya baridi, ambayo British Columbia inayadai kisheria kwenye barabara za milimani kuanzia tarehe 1 Oktoba.

Kwa wasomaji wetu wenye pasipoti ya Kenya au Tanzania: Japani inahitaji viza, ianze mapema. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani haombi viza ya Kanada kwa matembezi. Anabeba pasipoti halali na kadi yake ya kijani. Hilo peke yake limewafanya baadhi ya Waswahili wa Seattle na Portland kuiona Rossland kuwa karibu kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Tunavyoshauri

Anayeingia msituni kwa mara ya kwanza aende Steamboat mwishoni mwa Januari. Miti haina matawi ya chini, hatari ya maporomoko inasimamiwa na doria, njia za kutokea ziko kila upande, na walimu wanapatikana kwa Kiingereza bila shida. Anayeskii vizuri kiasi na anataka theluji nyingi kuliko yote, hasa akiwa na wiki nzima, aende Niseko, na akubali gharama na foleni. Red Mountain tunaipenda kuliko zote mbili kwa utulivu wake na kwa jinsi inavyotunza theluji, lakini ni ya watu wawili au watatu wanaojua kushuka kwa zamu na wanaochukulia shimo la shina kwa uzito wake. Mtu anayesafiri peke yake asiichague kwa ajili ya msitu.

Kabla ya kukodi skii

Upana unaopimwa ni wa katikati, chini ya buti. Kwa Niseko omba milimita 105 hadi 115. Kwa Steamboat, 95 hadi 105, kwa kuwa utatumia muda mwingi pia kwenye njia zilizosawazishwa. Kwa Red Mountain, 98 hadi 106. Skii pana kupita kiasi inaelea vizuri ila inachelewa kuhama kutoka ukingo hadi ukingo, na msituni kuchelewa huko ndiko kunakokupeleka kwenye shina. Urefu uwe kati ya pua na paji la uso, na ncha ziwe zimeinuka mapema. Usikubali kifungio kinachoshika buti kwenye skii kikazwe zaidi ya kipimo cha uzito na uwezo wako eti skii isipotee. Goti ni ghali kuliko skii. Badala yake funga utepe wa rangi kali, mita moja na nusu hivi, kwenye kila skii, na uufiche ndani ya mguu wa suruali. Skii ikichomoka utepe unatokeza. Usitumie kamba inayokufunga wewe kwenye skii.

Ikipotea bila utepe, usitafute pale uliposimama. Skii mara nyingi hubaki karibu na ilipochomoka, juu yako. Panda hadi palipo na alama ya mwisho ya kona, kisha kata theluji kwa fimbo kwa mistari ya kukingama, kutoka juu kuja chini, ukiachanisha mistari kwa kama sentimita 20.

Omba fimbo zenye visahani vipana karibu na ncha, karibu milimita 90 au 100. Vidogo vya njia zilizosawazishwa vinazama mpaka kiwiko, na fimbo isiyopata pa kuegemea inakutupa mgongo nyuma. Mgongo ukienda nyuma ncha za skii zinakosa uzito, nawe huwezi tena kugeuka pale unapotaka. Uzito ukae katikati, miguu yote miwili ikibeba sawa, karibu karibu. Lenzi ya miwani iwe ya mwanga hafifu, ya manjano au waridi, kwa Niseko na kwa siku zote za dhoruba. Ile nyeusi ibaki mfukoni kwa ajili ya jua la Steamboat.